Milioni Moja na Tisa

Mume wangu alipasuliwa kichwa kwa koleo alipokuwa na miaka kumi na miwili, kwa sababu aliandika mia moja na saba mahali palipotakiwa mia moja na sabini. Kovu lilikuwa nyuma ya sikio la kushoto, na nywele hazikuota tena hapo mpaka siku nilipomfumba macho.

Naanza na kovu kwa sababu tangu tumzike, mtaa umejaa maneno. Wanasema alimchapa mdogo wake nusura amuue ili arithi karakana, kisha akamvunja mkono baba yake mzazi. Wanayasema dukani, wanayasema kwenye foleni ya maji, na nikipita wanakohoa. Mimi ni mwalimu wa hesabu, nimestaafu kwa heshima, na mwanafunzi aliyeniletea jibu bila kuonyesha njia nilimpa sifuri hata kama jibu lilikuwa sahihi. Hawa wana jibu. Njia hawana. Nitaionyesha.

Baba mkwe wangu alikuwa mhunzi. Watu walimwita Fuawe, lile pande la chuma ambalo juu yake vyuma vingine hupondwa, na jina lilimpendeza. Alikuwa na kifua cha pipa na kope zilizoungua, na hakuwahi kuinua sauti. Hakuwa na haja, maana mkono wake ulifika kabla ya sauti.

Kazi yake kubwa ilikuwa mageti, na mageti ndiyo yaliyomfundisha hesabu. Ukipewa upana wa geti, lazima uugawe sawasawa ili nafasi kati ya nondo na nondo zilingane. Upana ukigawanyika, kazi ni kuteleza tu. Usipogawanyika, utabaki na pengo la aibu upande mmoja, na mwenye geti ataliona kila asubuhi. Fuawe akaanza kuziheshimu namba zinazokataa kugawanyika. Sisi walimu tunaziita namba tasa: hazigawanyiki kwa chochote ila moja na zenyewe. Yeye aliziita namba ngumu. Alisema namba ngumu ni kama chuma kisicho na ufa, na kwamba namba nyingine zote ni takataka zilizounganishwa kwa gundi.

Akatafuta kubwa ya kwake. Akaipata milioni moja na tisa, akaiandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa karakana: 1000009. Wageni walidhani ni namba ya leseni. Wenyeji walijua ni mtego.

Sheria ilikuwa hivi. Ukisema namba ya Fuawe inavunjika, unataja kigawanyo chako mbele za watu, na hesabu inafanywa hapo hapo kwa chaki juu ya bati. Ikivunjika bila baki, karakana ni yako na vyote vilivyomo. Ikibaki kitu, kile kilichobaki ni chako pia, unakipokea mgongoni kwa mkanda wa mashine, ule mpana wa mpira wenye nyuzi ndani.

Muuza chuma chakavu alisema saba. Ikabaki tatu, akachapwa tatu, akacheka, ingawa alicheka kwa mdomo tu. Fundi wa kuchomelea akasema kumi na moja. Ikabaki kumi, na huyo hakukaa kitini kwa muda mrefu. Baada yake watu wakapiga hesabu ya aina nyingine: kigawanyo kidogo kina baki ndogo, lakini ukitaja kigawanyo cha mamia, baki inaweza kuwa mamia, na mgongo wa binadamu haufiki huko. Kwa hiyo hakuna aliyethubutu kwenda juu. Fuawe alichukulia ukimya wao kuwa ushahidi.

Lakini hakuwa mjinga, na sitaki mtu aseme ukoo wetu ulianzia kwa mjinga. Kabla ya kuipaka rangi aliipima. Namba hiyo ikivunjika vipande viwili, kimoja lazima kiwe chini ya elfu moja na moja, kwa sababu vipande viwili vya elfu moja na moja vikizidishwa vinaipita. Basi inatosha kuijaribu kwa kila namba ngumu mpaka kufikia elfu. Kazi hiyo aliwapa wanawe wawili, mume wangu na mdogo wake waliyemwita Kiberiti, mmoja namba hii, mwingine inayofuata, kwa zamu, kila siku baada ya kuzima tanuri. Kila mmoja aliandika baki yake juu ya bati. Fuawe alizidisha kinyume kuhakiki, kisha akafuta kwa kiganja na kusema, "Nyingine." Akikuta kosa, hakusema kitu.

Siku ya kuijaribu kwa mia mbili themanini na tatu, zamu ilikuwa ya mume wangu. Alichoka, tarakimu zikapindana, akaandika mia moja na saba. Koleo lilikuwa mkononi mwa baba yake. Mtoto akaanguka, kichwa kikagonga ukingo wa tanuri, damu ikaingia kwenye majivu. Fuawe akamgeukia Kiberiti, aliyekuwa na miaka tisa na ameshajikojolea.

"Fanya hiyo ya kaka yako."

Kiberiti akaifanya. Ikabaki mia moja na sabini, sahihi. Mume wangu alipozinduka aliinuka mwenyewe, akafunga kichwa kwa shati, akachukua chaki na kuendelea na namba yake iliyofuata. Hakuna aliyezungumzia jambo hilo tena, na namba ikapakwa rangi.

Nilipoolewa nilitaka kuipima mwenyewe, kwa udadisi wa kazi yangu. Mume wangu alinizuia. Aliniambia, "Mwalimu, hiyo namba ina damu yangu. Iache." Niliiacha. Mke mwenye adabu anajua ni mlango upi wa nyumba usiofunguliwa.

Sasa nifike siku yenyewe. Ilikuwa mchana, jua kali, karakana imejaa watu. Mteja mmoja alikuja na pikapu kuchukua geti, na geti lilikuwa limepinda. Kiberiti ndiye aliyekata nondo. Wakati huo ni mwanamume mzima, ana ndevu, ana mchumba, na bado analala kwenye chumba cha vifaa kwa sababu baba yake hajaamua kumpa chochote. Mimi nilikuwa nimeleta chakula. Nilisimama mlangoni na sufuria, nikasikia kila neno.

"Mtazameni," Fuawe aliwaambia wateja. "Huyu chuma chenyewe hakimwogopi. Akikishika kinacheka."

"Baba, kipimo ulinipa wewe."

"Nilikupa kipimo. Akili ulitakiwa uje nayo."

Watu wakacheka. Mwenye pikapu alicheka zaidi ya wote, maana geti lilikuwa lake na alijua atapunguziwa bei. Kiberiti akaitupa nondo chini.

"Namba yako mbovu," akasema.

Kicheko kikakatika.

"Umesema?"

"Hiyo uliyoipaka hapo juu. Inavunjika. Nimeifanya kichwani wiki nzima. Mia tatu na saba mara elfu tatu mia mbili hamsini na saba. Karakana yangu, Baba. Toa funguo."

Nilimwona mume wangu akifumba macho. Fuawe hakukasirika. Alichukua bati, akalipangusa, akampa mwanawe chaki kwa upole kabisa, kama mtu anayemkaribisha mgeni chakula. Kiberiti akaandika. Nami nikafuata kwa macho, na nikaona kosa kabla hajamaliza: wakati wa kujumlisha alibeba moja isiyokuwepo mara mbili, kwenye makumi na kwenye mamia. Jibu la kweli lilikuwa laki tisa tisini na tisa elfu, mia nane tisini na tisa.

Fuawe alilisoma mara moja tu. "Pungufu ya mia moja na kumi," akasema. "Baki yako mia moja na kumi."

Fundi wa kuchomelea, yule aliyewahi kuonja kumi, akasogea. "Mzee, huyo atakufa. Mpe hizo tulizopewa sisi."

"Wewe ulisema kumi na moja. Yeye kasema mia tatu na saba. Mdomo wake ndio mkubwa, si mkanda wangu." Akachomoa chuma chekundu kutoka kwenye tanuri, akakielekeza kwa watu, nao wakarudi nyuma mpaka ukutani. "Haya ni ya nyumbani kwangu."

Akamkamata Kiberiti shingoni, akamwinamisha juu ya meza, akatia viganja vyake viwili kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, akazungusha mpini. Shemeji yangu alitoa sauti ambayo sijaisikia kwa mtu mwingine. Kisha Fuawe akamtupia mume wangu mkanda.

"Wewe mkubwa. Mpige wewe."

"Sipigi, Baba."

"Usipopiga kwa mkanda, nampiga mimi kwa hii." Akainua nyundo ya kufulia vyuma. "Chagua."

Hapa ndipo wenye maneno wanapoanza hadithi yao. Waliona mkanda mkononi mwa mume wangu. Nyundo hawakuiona, au waliona wakaona haifai kuhadithiwa.

Alipiga. Siandiki kwamba hakupiga. Za kwanza alipiga kwa upande, taratibu, na Fuawe akasema, "Hizo hazihesabiwi. Anza moja." Akaanza moja. Alivuta tena mkono, akaambiwa tena aanze moja. Ndipo akaelewa kwamba huruma yake inamwongezea mdogo wake fimbo, na akaanza kupiga sawasawa, uso wake mweupe kwa vumbi la majivu, machozi yakichora mistari. Shati likachanika, ngozi ikafuata. Damu ilikuwa inaruka juu ya bati na kufuta chaki. Fuawe alihesabu kwa sauti ya kawaida, kama anayepokea mizigo.

Nilipiga hatua ndani. "Baba, inatosha."

"Mkwe, weka sufuria chini ukae. Arobaini."

Kiberiti alikuwa bado na ulimi. Ndiyo tabia yake, hata leo. "Mia tatu na saba nilikuwa na uhakika nayo," alisema, mdomo juu ya meza. "Kabisa."

"Mia tatu na saba ilipimwa katika karakana hii," Fuawe alisema. "Nilisimama hapa. Kaka yako aliifanya mwenyewe, kichwa kimefungwa shati. Sema kama uongo."

Mume wangu alikuwa ameinua mkanda. Akauacha hewani.

"Kweli," akasema polepole. "Mia tatu na saba nilifanya mimi. Ndiyo niliyoanza nayo nilipoamka." Akamwinamia mdogo wake. "Kiberiti. Mia mbili tisini na tatu. Ile ilikuwa yako. Ulifanya?"

"Nini?"

"Tisini na tatu. Kabla ya mia tatu na saba. Zamu yako."

Shemeji alipumua kwa shida. "Mimi nilifanya themanini na tatu. Yako. Wewe ulikuwa chini. Nilivyomaliza, ukaamka ukachukua chaki."

"Basi tisini na tatu nani alifanya?"

Msomaji ameshaelewa. Walikuwa wanakwenda kwa zamu. Mdogo alitumia zamu yake kufanya namba ya mkubwa, mkubwa akaamka na kushika namba yake iliyofuata, na ile iliyokuwa katikati haikushikwa na mtu. Baba yao hakuigundua kwa sababu alikuwa anaangalia kama damu imeacha kutoka, au kwa sababu hakuamini kwamba mtoto wake anaweza kuruka kitu mbele yake. Hilo la pili ndilo ninaloliamini. Alidhani hofu haikosei hesabu.

Mume wangu akadondosha mkanda. Akachukua chaki, akapiga goti, akaanza kugawa kwenye sakafu ya saruji. Fuawe akamwambia, "Arobaini na moja." Chaki ikalia. "Nimesema arobaini na moja." Chaki ikaendelea kulia. Elfu moja kwa mia mbili tisini na tatu, mara tatu. Akashusha, akagawa, akashusha. Mara nne. Mara moja. Mara tatu. Kisha akachora mstari na chini yake akaandika duara.

"Elfu tatu mia nne kumi na tatu," akasema. "Baki sifuri."

"Uongo," Fuawe alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Akanigeukia. "Mwalimu. Wewe una vyeti. Sema."

Nilikuwa mkwe katika nyumba ile, na nilijua ninachoulizwa. Nikizidisha, namba ya mzee iliyokuwa juu ya mlango inaanguka mbele ya wateja. Nikinyamaza, shemeji yangu amebakiza sabini, na mgongo wa kuzipokea hana. Nikafanya kwa sauti, ili kila mtu asikie. "Elfu tatu mia nne kumi na tatu mara mia tatu ni milioni moja, elfu ishirini na tatu na mia tisa. Tumezidisha mara saba zaidi. Mara saba ni elfu ishirini na tatu mia nane tisini na moja. Toa." Nikatoa. "Milioni moja na tisa. Ni sawa, Baba. Inavunjika."

Mwenye pikapu alikuwa wa kwanza kutazama juu ya mlango. Wengine wakafuata. Fuawe aliwaona wakitazama.

"Baki sifuri, Baba," mume wangu alisema akiinuka. "Sheria yako. Leo hapigwi mtu."

Nyundo ilimkuta katika neno hilo la mwisho. Ililenga kichwa, akasogea, ikatua begani. Nilisikia mfupa. Mkono wake wa kushoto ukaning'inia kama wa mtu mwingine. Fuawe hakumtazama tena. Alizunguka meza akaenda penye jiliwa, ambapo viganja vya Kiberiti vilikuwa bado vimebanwa, vimevimba, vyeusi, vimetulia kabisa kama kazi iliyoandaliwa kwa ajili ya kupondwa.

"Ilikuwa zamu yake," alisema. Hakuwa anamwambia mtu. "Ilikuwa zamu ya mikono hii."

Akainua nyundo kwa mikono miwili.

Mume wangu alimfikia kwa mkono mmoja aliokuwa nao. Aliukamata ule wa kulia wa baba yake juu ya kiwiko, akauzungusha nyuma, na mzee, mwenye nguvu kama alivyokuwa, akaanza kuzunguka nao huku akimpiga kichwa usoni. Pua ya mume wangu ikapasuka. Hakuachia. Akamwambia, "Achia nyundo, Baba." Akamwambia tena. Fuawe akamtemea mate. Ndipo akausukuma mkono juu mpaka ukalia, na nyundo ikaanguka.

Ndivyo ulivyovunjika. Naomba mtaa uzingatie kilichofuata, kwa sababu ndicho kinachoonyesha mtu niliyeolewa naye. Baba yake alikuwa ameanguka magotini, nyundo iko chini, mkanda uko chini, watu thelathini wanatazama, na miaka yote ile imo ndani ya mkono mmoja mzima. Hakumgusa tena. Alikwenda kwenye jiliwa akafungua mpini, polepole, nusu mzunguko kwa nusu mzunguko, ili damu isirudi kwenye vidole kwa ghafla, na akampokea mdogo wake kifuani.

Fuawe akachomoa funguo mfukoni kwa mkono wa kushoto, akazitupa. Zilimpiga mume wangu kwenye pua iliyopasuka. Kwa taarifa ya wenye maneno, karakana iliandikwa majina mawili, nilisimamia mwenyewe, na Kiberiti anakata nondo humo mpaka leo.

Mwenye pikapu alishusha geti lake lililopinda bila kuambiwa. Tukampandisha Kiberiti, tukamlaza kifudifudi, kichwa chake mapajani mwangu. Mume wangu akapanda, akaegemea ubavu wa gari. Kisha akamwambia fundi wa kuchomelea amsaidie baba yao kupanda, naye akapandishwa, akaketi mkabala nasi. Barabara ilikuwa mbovu, na kila shimo lilikuwa na wa kulia wake.

Fuawe alikuwa anatazama mbao za gari.

"Hiyo elfu tatu mia nne kumi na tatu," akasema. "Nayo inavunjika?"

Nilidhani hakuna atakayemjibu, na nilikuwa tayari kumwambia anyamaze, mkwe au si mkwe.

"Kwa saba haivunjiki," Kiberiti alisema ndani ya kanga yangu. "Baki nne."

Mkono mzima wa mzee ukanyanyuka. Sote tuliuona. Gari likaruka shimo, akautumia kushika ubavu wa gari, akauacha hapo.

"Kumi na moja," mume wangu alisema, puani damu inabubujika.

"Tatu," Kiberiti akasema.

"Kumi na tatu."

"Hiyo subiri. Naumwa, kaka. Fanya wewe."

"Baki saba," Fuawe alisema.

Walikuwa wamefika ishirini na tisa gari liliposimama mbele ya hospitali. Nesi alitoka na machela moja, akatutazama mmoja mmoja, akauliza nani aanze. Baba na mwana walimwonyesha Kiberiti, kila mmoja kwa mkono uliobaki.